Shangazi, Aliyejitolea Kufurahi kwa Niaba ya Mwenzake

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, Shangazi anaweka mkasi chini baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu. Kama umewahi kulazwa kwenye wodi yoyote hapa, umelalia kazi ya mikono yake. Kama wewe ni daktari na koti lako limekukaa sawasawa mabegani, mshukuru yeye. Ndiye aliyekupima siku ulipoajiriwa, na nina hakika alikutania kuhusu tumbo.

Jina lake halisi liko kwenye faili, na huko ndiko linakoishi. Sisi wote tunamwita Shangazi, mganga mkuu akiwemo, ingawa ana mvi kumzidi.

Alianza kazi kwa kupiga vifungo. Alipopewa ukuu wa chumba, alihamisha meza ya kukatia kutoka kwenye kona yenye giza akaiweka chini ya taa, na mimi mkataji huwa namwombea heri kwa hilo. Siku hiyohiyo alipiga marufuku redio wakati wa mechi. Kwa hilo bado hatujamalizana. Lakini sifa yake kubwa ni gauni la mgonjwa. Zamani lilifungwa nyuma kwa kamba mbili, na mtu mzima mwenye heshima zake alipita koridoni akiwa ameshikilia makalio. Shangazi alilibuni upya, likafungwa ubavuni. Wagonjwa wakaanza kutembea kama watu.

Hayo mnayajua. Nitakalosimulia sasa mnalijua nusu. Mwenzetu wa cherehani ya dirishani ameniruhusu, tena amesema, "Liandike lote, usilipunguze chumvi."

Mwaka jana mwenzetu huyo alipata mimba kwa msaada wa kliniki ya uzazi, baada ya kuisubiri kwa muda mrefu. Ilipofika mwezi wa tatu, ikatoka. Kabla hajarudi kazini, Shangazi alitukusanya akatuonya: yeyote atakayemwambia "utapata mwingine" atashona foronya mwezi mzima. Bwana stoo alidhani ni mzaha. Alisema neno lenyewe siku ya kwanza, kwa nia njema kabisa, na siku ya pili akawa ameketi kwenye cherehani. Foronya yake ya kwanza aliishona pande zote nne. Tumeitundika ukutani mpaka leo.

Mwenzetu alicheka alipoiona. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini tulikisikia wote.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi. Kila mwezi wodi ya wazazi hutuletea vitambaa vya shuka za watoto wachanga, na kazi ya kuzipinda ilikuwa ya cherehani ya dirishani. Asubuhi aliyorudi kazini, furushi lilikuwa mezani linamsubiri. Shangazi alilibeba kwapani kama mtu aliyesahau mkoba wake, akaenda nalo mezani kwake. Tangu hapo alifika kazini mapema kabla yetu, akazipinda zote peke yake, mwezi baada ya mwezi.

Mume wa mwenzetu ni fundi bomba. Naye alikuwa hana raha. Alikuja siku moja kumchukua mkewe, akasimama mlangoni hajui aingie au asiingie. Shangazi akamwambia bomba letu linavuja. Halikuwa linavuja. Jamaa alilifungua, akaliangalia, akalifunga tena taratibu, kisha akamwambia, "Shangazi, mimi sitaki aumie tena. Tukibaki wawili, tutabaki wawili."

"Umemwambia hivyo yeye?"

"Bado."

"Basi mwambie. Halafu umsikilize na yeye anataka nini."

Wakaongea nyumbani kwao. Mwenzetu alitaka kujaribu tena, ila kila akishika simu kupiga kliniki, mkono unakuwa mzito. Siku moja wakati wa chai alimwambia Shangazi sababu yake.

"Siogopi sindano. Naogopa kufurahi."

Shangazi ana watoto watano, na kwa maneno yake mwenyewe walikuja bila kupiga hodi. Hakujifanya anajua. Alikoroga chai yake, akasema, "Basi usifurahi, nani kakulazimisha? Wewe nenda ukapimwe damu tu. Kufurahi niachie mimi. Mchana huwa sina kazi nyingi."

Mwenzetu alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Kutoka meza ya kukatia sikuweza kutofautisha. Kesho yake alisimama mbele ya meza ya Shangazi, akanyoosha mikono. "Nipe nusu ya hizo shuka." Wakagawana. Jioni akapiga kliniki.

Shangazi alimsindikiza kupimwa. Huyu ni mwanamke aliyeshika sindano maisha yake yote, aliyejichoma vidole mara zisizohesabika akaendelea na hadithi yake. Nesi alipomwingizia mwenzetu sindano mkononi, mgonjwa alitulia tuli, msindikizaji akaenda chini puu. Ilibidi walazwe wawili, na walipewa juisi wote. Shangazi anadai ni joto. Nesi anasema feni ilikuwa inazunguka.

Tangu hapo maandalizi yameenda vizuri. Majibu ya vipimo yametulia. Vidonge anameza, sindano za tumboni anachomwa na mumewe, ambaye amekuwa hodari hata anajisifu. Daktari ameridhika, na Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kumpandikiza kiinitete. Hakuna anayejua itakuwaje, na chumba kizima tumekubaliana kutouliza. Akitaka kusema, atasema. Wiki iliyopita nilimsikia akiimba huku anaweka uzi. Alinyamaza ghafla, kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akaendelea kuimba.

Tulimpangia Shangazi safari ya mapumziko, ianze Jumapili. Ameiahirisha kwa wiki mbili. Jumatatu asubuhi benchi la kliniki litakaliwa na watu watatu: fundi cherehani, fundi bomba, na mstaafu mmoja ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake hatahitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kutoka kazini.

Shangazi, asante kwa kila pindo na kila utani. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa asubuhi, na nyumba yenye wageni wanaojua kuaga. Kaa salama, na mlango wetu usiupite bila kuingia.