Nionyeshe Ulichokitengeneza: Kumbukumbu ya Bibi Kiraka

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Aliye jikoni apunguze moto, aliye shambani akae kivulini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu. Mtu huyo hakuwahi kuingia studio hii, lakini bila yeye mimi nisingekuwa humu. Tunamkumbuka Bibi Kiraka.

Bibi Kiraka alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na miwili. Tulimzika Jumamosi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Bibi Kiraka, mshona magunia na mwanzilishi wa chama chetu cha kukopeshana, alifariki Jumanne. Aliugua siku nne tu. Bintiye mkubwa ananiambia kwamba siku ya tatu alikuwa bado anauliza kama mwashi mmoja aliyekopa ameleta rejesho lake. Alikuwa ameleta.

Niwaonye mapema. Hii si kumbukumbu ya kulia. Nilijaribu kuiandika ya kulia nikashindwa, maana kila nikikumbuka jambo, nacheka. Na nina jambo la kuungama hewani leo, jambo la miaka thelathini. Nilimdanganya marehemu. Nilimdanganya ili anikopeshe. Mama yangu mzazi anasikiliza, namwomba asizime redio.

Tuanze mwanzo. Bibi Kiraka alikuwa mshona magunia pale kwenye ghala la mazao. Wengi wenu mlimwona. Alikaa kwenye kigoda karibu na mizani, miwani imefungwa kwa uzi wa gunia, mkononi ana shazia, ile sindano kubwa iliyopinda ncha. Mkulima anapima mahindi yake, Bibi anafunga mdomo wa gunia, gunia linapanda lori. Kazi ilikuwa hiyo. Hakuwa na mshahara wa maana, hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na mjomba serikalini.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia watoto watatu. Mwaka uliofuata upepo ukang'oa mabati ya nyumba. Bibi akaenda benki mjini, safari ya nusu siku. Benki ikataka hati ya kiwanja, barua ya mwajiri, na picha mbili. "Picha nilikuwa nayo moja," alipenda kusimulia, "na humo nimefumba macho."

Basi akaenda kwa mkopeshaji wa mjini, yule tuliyemwita Bwana Dhamana. Wazee wenzangu mnamkumbuka. Kwa Bwana Dhamana, ukikopa kumi unarudisha kumi na tano, na baiskeli yako inalala kwake mpaka umalize. Bibi alikopa, atafanyaje? Mwenye shida hachagui. Mabati akayapata. Lakini alilipa miaka miwili, na mbuzi wake watatu wakaishia uani kwa Bwana Dhamana.

Siku aliyomaliza kulipa aliwaita wenzake sita, washona magunia kama yeye, nyumbani kwake. Sebule ile mnaijua: sakafu ya saruji, benchi moja, meza yenye kitambaa cha plastiki. Akawaambia, "Jamani, sisi kutwa tunafunga magunia ya watu, na ya kwetu yako wazi." Wakaanza kuweka kidogo kidogo kila Alhamisi, ndani ya kopo la maziwa. Haba na haba. Mwaka ulipotimia wakaanza kukopesha. Ukikopa kumi, unarudisha kumi na nusu. Narudia, wasikilizaji: kumi na nusu. Si kumi na tano.

Wenzake wakamuuliza, "Sasa dhamana itakuwa nini? Hatuna polisi, hatuna wakili." Hapo ndipo Bibi alipotunga kanuni iliyompa jina. Alisema mtu asilete hati, asilete baiskeli. Alete kitu kimoja kilichoharibika akakitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. "Mtu anayekirudisha kiti kwenye miguu yake," alisema, "mkopo hautamshinda kuurudisha."

Watu walicheka. Bwana Dhamana ndiye aliyecheka zaidi. Lakini kila Alhamisi jioni ungeona foleni mlangoni kwa Bibi, huyu na sufuria iliyozibwa, yule na jembe lenye mpini mpya, mwingine na kiatu. Bibi anavaa miwani, anageuza kitu juu chini, anavuta, anagonga. Mwashi mmoja alileta kiti. Bibi akamwambia, "Kalia wewe kwanza." Mwashi akakaa, kiti kikamtupa sakafuni. Wiki iliyofuata alikuja na kiti kilekile, akakaa, kikamshika. Akapewa fedha za kununua bao la kupigia lipu na mwiko. Nyumba ngapi hapa kwetu zimejengwa na mwashi yule? Hesabuni wenyewe.

Na mnakumbuka ile ya bwana na mkewe waliotaka kufungua duka? Waliingia mikono mitupu. Bibi akauliza, "Mmetengeneza nini?" Bwana akakuna kichwa. Mkewe akanyoosha kidole, akamwonyesha mumewe. "Huyu hapa, Bibi. Mngemwona nilivyompokea." Chama kizima kilicheka mpaka benchi likasogea. Bibi akamtazama yule bwana kutoka utosini hadi viatuni, akasema, "Kiraka kinaonekana. Wapeni." Duka lile liko wazi hadi leo, na bwana yule ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele Jumamosi.

Kwa miaka yote hiyo, waliokopa wakatoroka ni wawili tu. Mmoja alirudi.

Sasa naja kwangu. Mama, vumilia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza mayai kwa baiskeli. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko mayai yenyewe. Wakati ule palikuwa na mzee mmoja mwenye kipaza sauti, aliyetangaza mnadani na kwenye harusi. Akachoka, akataka kukiuza na betri yake. Aliniambia, "Kijana, una mdomo, chukua. Lakini mwisho Ijumaa. Ikipita Ijumaa nampa mwenye bucha." Mwenye bucha alikuwa na fedha taslimu. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Na nilijua kabisa kwamba nikikikosa kipaza sauti kile, nitauza mayai mpaka nizeeke.

Njia ilikuwa moja: Bibi Kiraka, siku ya Alhamisi. Na mimi, wasikilizaji wapendwa, sijui kutengeneza kitu. Tangu nizaliwe. Wiki ile nilijaribu kiti cha mama, kikapoteza na mguu wa pili. Nikajaribu mfuniko wa sufuria, nikajikata. Jumatano nikachukua redio ya mama, iliyokuwa kimya mwaka mzima, nikampelekea fundi redio. Akaifungua, dakika kumi, ikaanza kuimba. Nikamlipa mayai kumi na mawili. Nikamwomba asiseme.

Alhamisi nikaifunga redio juu ya trei za mayai, nikaendesha polepole hadi kwa Bibi. Nikaiweka mezani.

"Umeitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Ilikuwa na nini?"

"Waya."

"Waya gani, mjukuu wangu?"

"Ule... mwekundu."

Bibi akachukua kisu, akafungua mfuniko wa nyuma, akachungulia. Akachungulia tena. Akafunga. Akawasha, ikaimba. Kisha akatoka nje, akaitazama baiskeli yangu, akarudi. Akasema, "Mpeni."

Ijumaa saa mbili asubuhi kipaza sauti kilikuwa changu. Nikatangaza minada. Nikatangaza harusi. Miaka sita baadaye watu wa redio wakanisikia mnadani, wakaniita hapa. Ndipo nilipo.

Mkopo niliulipa kwa miezi tisa. Rejesho la mwisho nililiweka mezani kwa mbwembwe, nikingoja Bibi akate jina langu daftarini, kama alivyowakatia wengine. Hakukata. Akaenda chumbani, akarudi na mwavuli mweusi uliochanika, ubavu mmoja umepinda.

"Nitengenezee huu. Nirudishie Alhamisi. Na usimpelekee mtu."

Nikajisemea moyoni, bibi huyu naye ni bahili, anakwepa kumlipa fundi. Lakini ningemkatalia vipi? Nikashona jioni tatu. Nilijichoma vidole vyote, hata vile nisivyovitumia. Uzi mweusi sikuwa nao, nikatumia wa buluu. Alhamisi nikaurudisha. Bibi akaufungua palepale sebuleni. Ulifanana na popo aliyebanwa na mlango. Wanachama walicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Alipitisha kidole juu ya ule mshono, polepole, mwanzo hadi mwisho. Kisha akachukua kalamu, akakata jina langu. Nikadhani wiki iliyotangulia alikuwa amesahau. Nikaenda zangu.

Ikapita miaka thelathini. Nilikuwa nikikutana naye njiani wakati wa mvua, na mwavuli ule, na bega la kushoto limeloa. Nikawa namtania, "Bibi, nunua mwingine basi!" Ananijibu, "Huu haujaisha."

Jumamosi iliyopita tukamzika. Mnajua mvua ilivyonyesha. Si kubwa, ile ya rasharasha. Nimesimama kando ya kaburi, nikasikia kitu kinafunguka juu ya kichwa changu. Ni bintiye mkubwa, yule muuguzi wa zahanati, ambaye sasa ndiye anayeshika daftari la chama. Amenifunika kwa mwavuli. Tone likanidondokea shingoni. Nikatazama juu, nikaona uzi wa buluu.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia palepale, "Dada, mimi nilimdanganya mama yako. Ile redio sikuitengeneza mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha. "Kaka, mama alijua siku ileile."

"Fundi alisema?"

"Wala. Fundi yule alikuwa mwanachama, na kila redio aliyoifungua aliiwekea ndani nukta ya rangi ya kucha ya mkewe, ili mteja asije kumletea kazi ya fundi mwingine. Mama alifungua, akaiona nukta, nyekundu, mbichi. Kitu chekundu kilikuwa hicho tu. Waya zote humo zilikuwa nyeusi."

Wasikilizaji, ningeweza kuingia kaburini mimi badala ya Bibi.

"Sasa kwa nini alinipa?"

"Na mimi nilimuuliza. Alisema alitoka nje akahesabu mayai yako. Ulipita njia yote ile ya mashimo, na redio juu ya trei, na hakuna yai hata moja lililopasuka. Akaniambia, 'Kutunza anajua. Kutengeneza nitamfundisha. Huyu nimemkopesha vitu viwili, fedha na kiraka, na vyote nitamdai.'"

Ndiyo maana hakunikata jina mpaka mwavuli ulipofika. Miaka thelathini nilidhani amesahau. Hakusahau. Nililia pale makaburini, wasikilizaji, nakiri, lakini nililia huku nacheka, na dada yule naye vilevile. Akaniambia wajukuu walimnunulia Bibi miavuli minne mizuri. Yote aliigawa. Alisema huu ndio uliomgharimu mtu zaidi. Kisha akaufunga, akanikabidhi.

Kwa hiyo, kwa watoto watatu wa Bibi Kiraka, kwa wajukuu na vitukuu wake, kwa wenzake wa ghala, na kwa wanachama wote, sisi wa kituo hiki tunawapa pole kwa moyo wote. Mmempoteza mama. Sisi sote tumempoteza bibi. Mungu amlaze mahali pema.

Na kwako unayesikiliza, nina ombi moja. Tazama nyumbani mwako. Kipo kitu kimekaa kimevunjika, kiti, jembe, pengine ni neno ulilomwambia ndugu yako. Usimpelekee fundi. Kaa nacho wewe. Kikitoka kibaya, kitoke kibaya, lakini kiwe cha mkono wako. Na kama una shida ya fedha, usikimbilie kwa kina Bwana Dhamana. Chama bado kipo. Sebule ni ileile, Alhamisi ni ileile, na bado ukikopa kumi unarudisha kumi na nusu.

Mwavuli ninao hapa studio, juu ya meza, kando ya maikrofoni. Jana nilinunua uzi mweusi. Nimeufumua ule wa buluu usiovumilika, nimeacha sentimita tano tu za ukumbusho. Nimenyoosha ubavu, nimeshona upya. Asubuhi nikaumwagia ndoo nzima ya maji, mama yangu akiwa shahidi. Hauvuji.

Bibi, Alhamisi nitaurudisha. Na safari hii pia, sijampelekea mtu.