Mti wa Rigoberto

Basi la wafanyakazi lilikuwa linakata jangwa la Atacama kuelekea mgodini. Mama mwenye sare ya kampuni alipakata chupa ya maji kama mtoto mchanga, na binti aliyekaa naye akamuuliza ni ya nini.

“Ya mti wangu. Kampuni inampandia kila mfanyakazi mti wenye kibao cha jina lake. Ndiyo maana kazi naifanya kwa moyo.”

“Hiyo ni ya kupigia picha tu, mama. Mtu akiacha kazi je?”

“Mti wake unakauka wiki hiyohiyo.”

“Si kwa sababu hamna wa kuumwagilia?”

“Rigoberto alipoacha kazi, wake nilikuwa naumwagilia mimi mwenyewe. Kila siku.”

Kwenye kiti cha nyuma yao, nilijifanya nimelala, kama ninavyofanya nikitaka kusikia vizuri.

“Mimi naenda kwenye usaili tu,” alisema binti. “Wakinichukua, huo mti wao nitaukataa.”

“Rigoberto naye alikuwa mjuaji hivyohivyo.”

Basi likasimama langoni. Mwisho wa safu ya miti palikuwa na mche mpya. Binti alishuka, akasoma kibao chake, akatoa kitambulisho mkobani, akasoma tena.

Mama alikuwa ameshaanza kuumwagilia.