Swali la Kwanza la Bi. Mwaisha Hatibu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwaisha Hatibu, Afisa TEHAMA wa Chuo cha Kilimo na Misitu Bondwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Aliingia chuoni Julai 1988 akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa mtu ambaye kila mwenye kompyuta hapa humtafuta kabla ya kumtafuta mwingine yeyote.

Katika miaka yote hiyo faili lake limebeba barua moja tu ya onyo. Kamati ya sherehe ilipomwomba mkuu wa zamani wa chuo aandike wasifu huu, nadhani haikukumbuka kwamba barua hiyo aliisaini yeye. Mkuu huyo ni mimi, Anselmi Mkude. Nitaeleza kwanza habari za Bi. Mwaisha kama ilivyo desturi, kisha nitafika kwenye barua.

Bi. Mwaisha alizaliwa Mkuyuni mwaka 1965, kwenye nyumba iliyonukia mdalasini, maana baba yake aliulima na kuukausha uani. Alisomea uhazili mjini Morogoro na kuajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wakati huo ofisi yetu ilikuwa na mashine mbili za kupigia chapa, moja ikiwa haina herufi "h". Aliyepewa hiyo mbovu ni yeye, kwa kuwa alikuwa mgeni. Kila barua aliijaza herufi hiyo kwa kalamu, kwa mwandiko uliofanana na wa mashine hata wapokeaji hawakugundua.

Mwaka 1996 chuo kilipata kompyuta ya kwanza. Ilikaa ndani ya boksi lake wiki mbili, maana kila aliyeambiwa aifungue alikumbuka kazi nyingine. Bi. Mwaisha aliomba kitabu cha maelekezo, akakisoma akiwa na kamusi pembeni, na Jumatatu ya wiki ya tatu tulimkuta ameiwasha na anaandika ratiba ya mitihani. Baadaye alikwenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya kompyuta mwishoni mwa juma, miaka miwili, akijilipia mwenyewe. Basi likisimama Mikese yeye alikuwa haangalii hata mahindi ya kuchoma. Alikuwa na kitabu.

Kompyuta mpakato zilipoingia, ndipo kipaji chake kilipoonekana. Wengi wetu hatukuzipenda kibodi zake zilizobanana, tukachomeka kibodi kubwa za nje. Hapo matatizo yakaanza. Laptop ina vitufe vichache, hivyo kimoja hufanya kazi mbili: ukikibonyeza hivi kinaandika, ukikibonyeza pamoja na kitufe cha Fn kinapunguza mwanga, kinazima sauti au kinakata mtandao. Kibodi ya nje haina mambo hayo, kila kitufe kina kazi yake na mahali pake. Zikikutana kwenye mashine moja, kila moja inafuata desturi ya kwao. Bi. Mwaisha alizifananisha na wake wenza jikoni: wote wanajua kupika, ugomvi ni nani kasogeza chumvi.

Idrisa, mhasibu wetu, alilalamika mwezi mzima kwamba kila akitaka kurekebisha namba kwenye jedwali, mtandao unakatika. Alishaanza kusema kuna mtu anamfanyia visa.

"Mwaisha, hii mashine ina majini," alimwambia.

"Majini hayajui kitufe cha F2, Idrisa. Nionyeshe unabonyeza wapi."

Kumbe kwenye kibodi kubwa ya ofisini F2 ilifungua kisanduku cha namba, lakini alipofanyia kazi nyumbani kwa kibodi ya laptop yenyewe, F2 ileile ilizima mtandao. Bi. Mwaisha alibadilisha mpangilio mmoja ili vitufe vya F viandike kwanza, na kazi nyingine zisubiri Fn. Majini yakahama. Idrisa alimletea mkungu wa ndizi, na mpaka leo akipita mlangoni kwake huuliza kama kuna jini jipya.

Siku nyingine Josephina, katibu muhtasi, alikuta kila herufi anayobonyeza inafanya maajabu: moja inafunga barua, nyingine inachapisha kurasa, nyingine inafuta kila kitu. Bi. Mwaisha hakugusa laptop. Alizunguka meza, akanyanyua kikapu cha njegere zilizoteremka asubuhi kutoka Nyandira, na chini ya kikapu ikaonekana kibodi ya nje, kitufe cha Ctrl kimelaliwa. "Mama, njegere zako zinajua kuchapa kuliko wewe," alisema, na Josephina akacheka hadi akaketi.

Kila kazi ya Bi. Mwaisha huanza na swali moja: "Umechomeka nini?" Huliuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, na walio chumbani huombwa watoke kwanza. Ukimjibu kweli, hakuna atakayejua. Makosa yote huandikwa kwenye kaunta buku yake: tatizo, chanzo, dawa. Safu ya jina la mtumiaji haimo. Wafanyakazi wapya huona ni adabu tu. Nilidhani hivyo hivyo, mpaka mwezi uliopita.

Sasa nifike kwenye barua.

Septemba 2011 chuo kilitakiwa kuwasajili watahiniwa thelathini na wanane kwa njia ya mtandao. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Neno la siri la mfumo nilikuwa nalo mimi peke yangu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimesaini waraka unaokataza mfanyakazi yeyote kuchomeka kifaa chake binafsi kwenye kompyuta za chuo, kwa sababu ya virusi. Waraka ulibandikwa kila mlango. Mimi mwenyewe nilikuwa na kibodi ya nje niliyoileta kutoka nyumbani, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukakamaa. Kila mtu alipobisha hodi, niliichomoa na kuitia kwenye droo.

Ijumaa ile mchana niliitumia kibodi hiyo kuandika namba za watahiniwa, na kabla ya kuziandika nilibonyeza kitufe cha kuwashia namba. Nilipomaliza niliichomoa, nikaificha, nikawaita wenzangu waje tutume orodha. Sikujua kwamba kitufe nilichokiwasha kwenye kibodi ya nje kilibaki kimewaka ndani ya laptop. Vitufe vya upande wa kulia vilikuwa vinatoa namba badala ya herufi. Neno la siri huonekana kwa vitone tu, hivyo nililiandika sawasawa na mashine ikapokea kitu kingine. Mara tatu. Mfumo ukajifunga.

Bi. Mwaisha aliitwa saa nane na nusu. Chumbani tulikuwa watu sita. Aliwapigia simu wahusika wa mfumo wakatufungulia upya, kisha akaniambia, "Mkuu, tuliandike kwanza mahali ambapo herufi zinaonekana, tuone kinachotoka." Nilikataa. Neno la siri la chuo halionyeshwi hadharani. Akaomba tujaribu kompyuta ya uhasibu. Nilikataa hilo pia. Kila nilipoandika nilimtaka ageukie dirishani atazame mlima, na aligeuka, mwanamke wa miaka arobaini na sita, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Halafu akauliza, "Mkuu, kuna kibodi nyingine iliyochomekwa kwenye mashine hii leo?"

Wote walinitazama. Waraka wangu ulikuwa mlangoni nyuma yao. Droo ilikuwa inagusa goti langu.

Nikasema, "Hapana."

Alinisadiki. Fundi asipomsadiki mtumiaji hana pa kuanzia. Alihangaika na mtandao, na modemu, na mipangilio, mpaka saa ikafika. Watahiniwa thelathini na wanane walingoja hadi Mei iliyofuata. Mmoja wao, Yasmin, alikuwa ameahidiwa kazi Ngerengere kwa sharti la cheti. Kazi alipewa mwingine. Baba yake alikuja ofisini kwangu, akanishika mkono kwa mikono miwili na kunishukuru kwa jitihada zetu. Niliupokea mkono ule.

Kwenye kikao cha Jumatatu nilisema huenda fundi alikuwa amevuruga mipangilio ya laptop yangu wiki iliyotangulia. Barua ya onyo niliisaini siku hiyohiyo. Ukuu wa kitengo cha TEHAMA, ambao kila mtu alijua ni wake, alipewa mtu kutoka nje.

Siku ya nne nilikuwa namwandikia kaka yangu barua, bila kibodi ya nje, nikaona maneno yangu yana sifuri na tatu katikati. Nilielewa yote kabla ya kumaliza mstari. Nilibonyeza kitufe, herufi zikarudi, nikaendelea na barua. Mwaka mmoja baadaye nilistaafu kwa shangwe, na hotuba ya mgeni rasmi ilinisifu kwa uadilifu.

Mwezi uliopita Bwana Hashimu, anayerithi ofisi ya Bi. Mwaisha, aliniletea kaunta buku zote nane ili nipate mifano ya wasifu huu. Figo zangu zimechoka, na daktari ameacha kuzungumzia mwaka ujao, kwa hiyo nina muda mwingi wa kusoma na muda mchache wa kuahirisha. Kwenye daftari la tatu nilikuta maandishi ya siku kumi baada ya Ijumaa ile. Nayanakili yalivyo:

"Tatizo: neno la siri linakataliwa. Chanzo: kitufe cha namba kiliwashwa kwenye kibodi ya nje, kikabaki kimewaka ndani ya laptop. Kibodi ya nje imo kwenye orodha ya vifaa. Kompyuta hukumbuka kila kilichowahi kuchomekwa. Dawa: kubonyeza kitufe mara moja. Kosa la fundi: nilimwuliza mbele ya watu. Kuanzia leo nitauliza mtu akiwa peke yake."

Kumbe alijua. Na katika ukurasa ambao angeweza kuandika jina langu, aliandika kosa lake, ambalo halikuwa lake.

Nilimpigia simu. Aliniamkia shikamoo kama kawaida, nikashindwa kuitikia vizuri. Nikasema nililotaka kusema.

"Mwalimu, nilikasirika miaka miwili," alisema. "Hukuona nilivyokuwa siinywi chai yako?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani amefunga.

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya kwenye kijitabu cha sherehe. Nilimweleza kwamba uongo ulisemwa mbele ya watu, na ukweli nao unastahili watu. Alijibu, "Andika ukitaka. Ila usirefushe, watu watakuwa na njaa." Sijui kama hiyo ni samahani. Sikumwomba aniambie.

Nimeandika pia maelezo rasmi kwa mkuu wa chuo wa sasa, Dk. Tumaini. Alinijibu kwa maandishi kwamba barua ya onyo imefutwa tangu tarehe 12 Juni, na maelezo yangu yamewekwa mahali pake. Bi. Mwaisha anastaafu akiwa na faili safi, kama alivyostahili siku zote. Ukuu wa kitengo hatuwezi kumrudishia. Wala Yasmin hatuwezi kumrudishia ile kazi. Bwana Hashimu amenisaidia kupata namba yake ya simu, na nimemweleza yeye pia.

Wenzake chuoni wamenituma niseme shukrani zao. Josephina anashukuru kwa barua zake zilizookolewa kutoka kwenye njegere. Idrisa anaahidi mkungu mwingine. Walimu vijana wanasema swali la kwanza litaendelea kuulizwa mlango ukiwa umefungwa, na Bwana Hashimu amekwisha kununua kaunta buku ya tisa, haina safu ya majina.

Bi. Mwaisha anarudi Mkuyuni, kwenye mdalasini wa baba yake. Chuo kizima kinamwombea afya, wajukuu wenye adabu na mvua za kutosha, na simu yake isilie kila mara kompyuta za Bondwa zinapogoma.

Nami namaliza, kabla chakula hakijapoa. Limebaki jibu moja ambalo nimechelewa nalo miaka kumi na minne.

Ndiyo, Bi. Mwaisha. Kulikuwa na kibodi nyingine. Ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeificha kwenye droo.