Mwaka wa Kuandika Kwenye Kibao

Benchi la nje ya geti la nyuma la chuo linakaliwa na watu wanne wakipangana vizuri, watano wakipendana. Kushoto kwake kuna kibanda cha kutoa nakala, ambacho mwenyewe anaitwa Fotokopi hata na mkewe. Kulia kuna kiti cha mlinzi, ambacho mlinzi, Kamanda, hakikalii kwa sababu kivuli kiko kwenye benchi. Mbele ya wote, juu ya stuli, anakaa Mama Kahawa na birika lake kwenye jiko la mkaa, na neno la mwisho ni lake, maana ukimuudhi kikombe chako kinakuja nusu. Asubuhi hiyo ukutani palikuwa pameegemezwa kibao kipya, rangi bado mbichi, na mchoraji wake, Brashi, alikuwa amechuchumaa chini yake akifukuza inzi wasitue. Kibao kilisema kwamba ukumbi wa zamani sasa utaitwa kwa jina la marehemu profesa wa historia, mwanzilishi wa Siku ya Utamaduni, mwaka. Baada ya neno "mwaka" palikuwa peupe.

Aliyetumwa kuujaza huo weupe alikuwa mwalimu msaidizi wa idara ya historia, binti mwembamba ambaye kijiwe kilimwita Ticha. Alitokea getini saa nne na dakika ishirini. Alijua ni dakika ishirini kwa sababu alikuwa ameitazama saa mara tatu tangu atoke ofisini.

—Shikamooni.

—Marahaba, waliitikia wote, hata Brashi ambaye alikuwa karibu rika lake.

—Kaa, Ticha, alisema Fotokopi. Unatetemeka kama karatasi iliyonasa kwenye mashine.

—Siwezi kukaa, kaka. Nataka kitu kimoja tu. Siku ya Utamaduni ilianza mwaka gani?

—Si wewe uliyepewa faili la marehemu tulipomzika? aliuliza Kamanda. Miezi minne unalo.

—Ninalo. Nimelipanga, nimelitia namba, nimelifunga uzi. Lina matangazo thelathini na moja. Yote yanasema: "Jumamosi, saa tisa alasiri. Njooni." Hakuna hata moja lenye mwaka.

Brashi alisahau inzi.

—Profesa wa historia asiandike mwaka?

—Hata mmoja.

—Ndiyo hivyo, Fotokopi alitikisa kichwa kwa huzuni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

—Hiyo inahusiana na nini? aliuliza Mama Kahawa.

—Inahusiana. Subiri utaona.

—Hesabu basi thelathini na moja kurudi nyuma, alisema Brashi. Nichovye brashi.

—Usichovye! Kuna miaka chuo kilifungwa, na kuna miaka mvua ilikatiza wakarudia. Masijala nako paa lilivuja, mafaili ya zamani yameota ukungu. Mkuu wa kitivo anataka mwaka kabla ya saa sita. Saa saba kibao kinapigiliwa. Na mimi nimeshamwandikia barua, kwa mkono wangu, kwamba nitaupata.

—Andika wowote, alisema Kamanda. Nani atajua?

—Mimi nitajua. Kila siku nitapita chini ya kibao hicho kwenda darasani. Miaka thelathini, kama wataniajiri. Na wanaamua juu ya ajira yangu wiki hii hii.

Mama Kahawa alimmiminia kikombe kizima. Ticha alikipokea, akakiweka kwenye tofali, akafungua daftari. Usiku alikuwa amelichorea mistari: jina la shahidi, alikuwepo, aliona mwenyewe, alisimuliwa.

—Nani alikuwepo siku ya kwanza?

—Mimi, walisema watatu kwa pamoja, na Brashi akasema baba yake.

—Mmoja mmoja, tafadhali.

Fotokopi alisimama, maana jambo hilo lilihitaji mikono.

—Andika. Siku ile ilianzishwa na mashine yangu. Ulikuwa mtihani wa historia, Jumamosi. Wanafunzi mia tatu wako ukumbini, kalamu mkononi. Mimi huku natoa nakala za mtihani, mashine ikafa. Ikatoa moshi, ikasema kwikwi, ikafa. Profesa akaja mbio, akaniambia: "Ndugu yangu, nina watu mia tatu na karatasi kumi na moja." Akarudi kule akawaambia: "Mtihani umebadilika. Kila mtu aimbe wimbo aliofundishwa na bibi yake, halafu aniambie bibi alifundishwa na nani." Waliimba mpaka magharibi. Aliyefeli ni mmoja, alilelewa na babu.

—Mwaka gani?

—Mwaka niliponunua mashine ya pili.

—Ambao ni?

—Ule baada ya kufa ile ya kwanza.

Ticha aliandika, akafuta.

—Uongo mtupu, alisema Kamanda, akajivuta koti kana kwamba yuko gwaride. Kilichotokea ni suala la ulinzi. Walimu wote walikuwa na kikao ukumbini. Mimi nikapokea amri: funga. Nikafunga. Sikuambiwa nifungue lini. Halafu ufunguo ukapotea kikazi.

—Ukapotea kikazi ndiyo nini? aliuliza Brashi.

—Ukapotea nikiwa kazini. Saa tano nzima walimu wamo ndani. Saa ya kwanza wakagomba. Ya pili wakalaumiana. Ya tatu, profesa akapanda meza, akasema kila mmoja aoneshe kwao wanacheza vipi. Mhasibu mkuu, yule aliyekuwa hacheki, alicheza mpaka soli ikabanduka. Nilimwona kwa dirisha. Penye wazee haliharibiki neno.

—Ila kufuli, alisema Mama Kahawa.

—Mwaka gani, mzee? Ticha aliuliza, sauti ikipanda.

—Mwaka geti lilipokuwa la kijani.

—Geti limekuwa la kijani mara nne, alisema Brashi. Nimelipaka mimi mbili, baba yangu mbili.

—Kijani cha baba yako.

—Kipi? Chenye bluu au chenye njano?

—Jamani, alisema Ticha. Saa nne na dakika hamsini.

Mama Kahawa aliinua kifuniko cha birika, akachungulia, akakirudisha.

—Waacheni wanaume na mashine na makufuli yao. Siku ile ilianzia hapa, miguuni pangu. Vijana wawili walikamatana mashati kwa ajili ya ngoma. Huyu anasema mdundo ule ni wa kwao, yule anasema wameuiba. Profesa alikuwa hapo ulipo wewe, chaki mfukoni, anakunywa cha tatu. Hakuwaamua. Akawauliza: "Mnaweza kuupiga?" Wakasema ndiyo. "Basi Jumamosi, saa tisa. Anayeupiga vibaya ndiye mwizi." Jumamosi ikaja watu ikabidi wengine wapande ukuta. Wote wawili waliupiga vibaya.

Ticha alifungua ukurasa mpya. Hadithi hii haikuwa na moshi.

—Mama, unakumbuka mwaka?

—Vizuri sana. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili.

Ticha alishika kalamu kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

—Alizaliwa mwaka gani?

—Kwenye cheti, au kweli?

—Kweli, mama!

—Tarehe ya kweli sikuiandika, nilikuwa na uchungu. Ya cheti tulipunguza ili aingie shule, halafu tukaongeza ili apate kazi. Siku hizi hata mwenyewe anasherehekea mbili.

Kalamu ilishuka. Fotokopi alicheka mpaka akakohoa.

—Umeona sasa? Mgema akisifiwa.

—Nyamaza, alisema Mama Kahawa, na kila mtu alijua kikombe chake kijacho kitakuwa nusu.

Sasa Brashi alisimama. Alikuwa amengoja zamu yake kwa heshima, na heshima ilikuwa imemchosha.

—Mimi ninayo ya baba. Baba alikuwa juu ya ngazi anapaka dari la ukumbi, profesa chini anafundisha. Akaingia mbuzi.

—Mbuzi! alisema Kamanda. Angepitaje getini?

—Jiulize mwenyewe. Akaingia, akapanda jukwaani, akala ukurasa wa kwanza wa mhadhara. Profesa hakumfukuza. Mnamjua alivyokuwa. Alikuwa anaweza kusimamisha wachezaji katikati, mguu mmoja hewani, awaulize, "Huyo aliyekufundisha, yeye alifundishwa na nani?" na hawaushushi mguu mpaka wajibu. Basi akamuuliza mbuzi: "Wewe nawe umetoka kwa nani?" Mlangoni sauti ikajibu, "Kwangu." Mwenye mbuzi. Nyuma yake ukoo mzima, wanamtafuta kwa kuimba, kwa sababu mbuzi yule alikuwa anaitika wimbo mmoja tu. Darasa likasimama likaitikia. Baba akapiga ngazi kwa kopo. Ndiyo hiyo Siku yenu.

Wote walisogea mbele kidogo, kama watu wanaotamani iwe kweli.

—Mbuzi alikuwa wa rangi gani? aliuliza Fotokopi.

—Msimsaidie, alisema Ticha. Mmetoa mianzo minne na hamjatoa mwaka hata mmoja. Mtu mmoja hawezi kuanzisha kitu kimoja mara nne! Mnao ushahidi gani?

—Ushahidi ninao, alisema Fotokopi, na mara hii hakuinua mikono. Mwenyewe aliniambia. Alisimama mlangoni kwangu, jioni, akanishika bega. "Bila wewe, ndugu yangu, siku hii isingekuwepo. Lakini usimwambie mtu."

Kamanda aligeuka polepole.

—Alikwambia nini?

—Isingekuwepo. Usimwambie mtu.

—Hayo aliniambia mimi. Pale getini. Alinipigia saluti kwanza.

—Na mimi, alisema Mama Kahawa. Nikamwongezea kikombe cha bure. Kila mwaka!

—Baba aliambiwa hivyo hivyo akiwa juu ya ngazi, alisema Brashi. Alitusimulia siku anaumwa. Tulidhani ni homa.

Walitazamana. Miaka yote hiyo walikuwa wamekalia benchi moja, kila mtu amebana siri yake, akiwahurumia wenzake kwa kutojua wamekaa na nani.

Ticha aliitazama safu ya "alisimuliwa" kwenye daftari.

—Na mimi, alisema mwishowe.

—Wewe? Ulikuwa hujazaliwa!

—Si Siku ya kwanza, ni ya juzi juzi; nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipanda jukwaani kusema shairi, ubeti wa pili ukanitoka. Wote. Nikasimama pale, watu mia sita, nikahesabu taa za dari. Zilikuwa kumi na nne, mbili zimeungua. Akapanda, akasimama pembeni yangu, akawaambia watu kwamba ubeti huo umepotea na anayeujua aulete. Mwanamke mmoja nyuma akaanza, mwingine akamsahihisha, wakagombana, mwishowe ukumbi mzima unautunga upya. Nilipokuwa nashuka akaniambia hivyo hivyo. Bila wewe isingekuwepo. Nikajua ananifariji, lakini nikaamini kidogo. Ndiyo nikachukua historia.

Kamanda alivua kofia, akakuna kichwa, akairudisha.

—Kwa hiyo marehemu alikuwa mwongo.

—Chunga mdomo, mzee.

—Nauliza tu, Mama.

—Basi mashahidi watano wote ni shahidi mmoja, alisema Ticha. Na keshazikwa. Alifunga daftari. Ilikuwa saa tano na nusu. Akamgeukia mchoraji: Brashi, sina mwaka.

Wakati huo alifika mwanamke mnene, mtu mzima, utepe wa kupimia shingoni, kichwani furushi kubwa lililofungwa kwa shuka. Alilishusha benchini bila kuomba ruhusa, ikabidi Kamanda ahame.

—Hamjambo? Poleni kwa msiba. Mimi ni fundi cherehani, nashona mtaa wa pili. Profesa aliniagiza nguo za wachezaji kabla hajaugua, akasema nizilete wiki moja kabla ya Siku ya Utamaduni. Ziko tayari. Sasa kila ninayemuuliza huko ndani ananielekeza kwa mwingine, mwisho wameniambia njoo benchini. Ya mwaka huu ni lini?

Kamanda alitazama geti. Fotokopi alitazama viatu vyake. Brashi alikuta inzi aliyehitaji kufukuzwa kwa uangalifu mkubwa. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa matone mawili na mashapo.

—Imekwisha, alisema, na hakufafanua ni nini.

—Nimeuliza vibaya? alisema fundi.

—Hapana, mama, alisema Ticha. Miezi minne alikuwa na faili. Alikuwa amelitia namba kila tangazo. Hakuwahi kujiuliza lijalo litaandikwa na nani. Akauliza: Nguo ngapi?

—Ishirini na nne. Na moja ndefu ya mshereheshaji.

—Jumamosi, alisema Ticha.

—Jumamosi ipi? aliuliza Brashi.

—Ya mwisho wa mwezi. Saa tisa alasiri.

—Nani amesema? aliuliza Fotokopi.

Ticha alifungua mdomo atafute wa kumtaja. Hakumpata.

—Mimi.

—Na kibao? Saa sita inafika, Ticha.

—Funika neno "mwaka" kwa rangi. Kiishie kwenye "Utamaduni". Mkuu wa kitivo nitamwambia mwenyewe kwamba nilitafuta nikakosa. Halafu uje unichoree bango.

—Hatafurahi, alisema Kamanda.

—Najua, mzee. Lakini barua niliiandika mimi.

Fundi alikuwa amekwisha fungua furushi. Alivuta nguo ndefu kutoka chini, akaitingisha, akaipandisha mbele ya Ticha. Pindo lilitambaa vumbini na mabega yalimzidi kwa kiganja kila upande.

—Hii nilimkatia marehemu mwenyewe, alisema. Itabidi ipunguzwe. Nyoosha mikono, mwanangu.

Ticha alinyoosha mikono katikati ya njia, wanafunzi wakipita wakigeuka. Fundi alimzungusha utepe kifuani, akatazama namba, akakunja uso, akaulegeza.

—Acha kubana pumzi. Siku hiyo si utakuwa unapumua?