Historia ya Marehemu Drusilla Bochaberi, Aliyeacha Vidonge ili Ashuhudie Uponyaji

Wapendwa waombolezaji, historia hii inasomwa na Alfayo Nyangau, kaka mkubwa wa marehemu na aliyekuwa mzee wa kanisa, na familia imemruhusu aisome yote, hata sehemu inayomhusu yeye.

Drusilla Bochaberi alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 huko Ekerenyo, binti wa marehemu Mzee Nyangau na Mama Bathsheba, akasoma shule ya Nyanchwa mpaka darasa la sita, kisha mama alipougua akarudi nyumbani kulea wadogo zake. Mwaka wa 1952 alifunga ndoa na Thadeus Okemwa wa Keroka, Mungu akawajalia watoto sita, watano wako hai, na kuanzia 1961 alishona sare za shule katika veranda ya duka pale Keroka, akiimba hata cherehani ikikwama.

Juni 1972 alianza kubanwa na kifua kila akipanda mlima na maji kichwani, daktari akampa vidonge vya propranolol vya kutuliza mbio za moyo, akamwonya asimgawie mtu, hasa mwenye pumu, wala asiviache ghafla hata akijisikia mzima, kwa maana huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Alitii miaka miwili, mikono ikawa baridi, wateja wakamtania kwamba wanapimwa nguo na chura, lakini mlima aliupanda.

Makambi ya Agosti 1974, mikutano mikubwa ya kanisa, yalipokaribia, Alfayo alimpangia kushuhudia Sabato jinsi Bwana alivyomponya, akamwambia kwamba mtu hasimami mbele ya kanisa kusema amepona huku kidonge kiko kwenye leso. Thadeus alipinga, akasema, "Shemeji, daktari hakusema hivyo," naye Alfayo akamjibu kwamba imani yake ni ya nusu kibaba. Drusilla mwenyewe aliuliza, "Kaka, na moyo ukianza mbio?" akajibiwa, "Utakimbilia kwa Bwana." Basi Jumanne tarehe 13 akaacha vyote, Alhamisi kifua kikambana, akanyamaza asimwaibishe kaka yake, na Sabato tarehe 17 akasimama, akashuhudia, watu wakaitikia Amina, huku jasho likimtiririka na mkono umeshika kifua, Alfayo akaona, akadhani ni Roho anatenda kazi, akaanzisha wimbo mwingine, beti zote nne, ndipo Drusilla akaanguka.

Alikimbizwa hospitalini kwa gari la muumini mmoja, daktari wake akauliza kwanza, "Vidonge aliviacha lini?" na Alfayo, aliyezoea kuongoza sala, akarudi nyuma, Thadeus akajibu. Madaktari walipigania moyo wake siku mbili, akafariki Jumatatu tarehe 19 Agosti 1974, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Alfayo anakiri mbele yenu kwamba alitaka ushuhuda kuliko alivyotaka dada yake aishi, ameacha uzee wa kanisa, naye anamwomba msamaha shemeji yake Thadeus, ambaye bado hajamjibu na hana deni la kumjibu. Na wewe uliyeketi hapa na vidonge vya moyo nyumbani, usiviache kwa hofu ya mazishi haya, wala kwa neno la mzee yeyote, rudi kwa daktari umuulize, ukameze huku unaomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake wa Keroka walioshona sanda bila kuombwa.

Pumzika kwa amani, Drusilla, amani ambayo kaka yako hajaipata.