Kapteni Anakula wa Mwisho

Ndugu zangu, kabla sijaanza, dada uliyempelekea mgeni wangu pilau akaisukuma pembeni, usinune. Hakuidharau. Najua mnajiuliza yule mzee wa Kizungu aliyekaa karibu na masufuria ni nani, mgongo kaunyoosha kama yuko gwaride, na kwa nini hagusi chakula. Mmemtendea kama tunavyofanya kwetu, mgeni kwanza, mzee kwanza. Kwake yeye hapo ndipo mlipokosea. Nipeni masikio nieleze, na Mungu ashukuriwe kwamba ninayo pumzi ya kueleza.

Mnanijua mimi ni mdadisi. Mtu akinunua sofa mpya hapa Ilford, mimi ndiye wa kwanza kuuliza ilipitaje mlangoni. Lakini kuna kipindi nilinyamaza. Nikawa nakaa kiti cha nyuma kabisa hapa kanisani, natoka kabla ya baraka. Mkadhani ni shifti. Jamani, mama yangu alifariki kule Singida, na karatasi zangu zilikuwa bado ziko uhamiaji. Ningetoka nisingeweza kurudi. Nikamzika mama kwa simu. Nilikaa kitandani, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, mtandao ukakatika wakati wanashusha jeneza. Uliporudi, watu walikuwa wameshaanza kuweka maua.

Sikumwambia mtu. Kwetu ningekuwa nimezungukwa, majirani wamejaa mkekani, na mama mmoja mkali angenishika kidevu aseme, "Kula mwanangu, hata tonge moja." Mfiwa haachwi na njaa. Hapa nilikaa matanga peke yangu, chumbani, na chakula kikawa mchanga mdomoni. Mtu akiniuliza, nasema nimeshakula. Nilikonda mpaka sare ya kazi nikawa naibana kwa pini. Na niseme ukweli, maana tumekuja hapa kusema ukweli: sikujali nikiamka au nisipoamka.

Ndipo kazini nikapangiwa kumtunza yule mzee, nyumbani kwake kule Neasden, upande wa pili wa London. Ni mtu wa Ireland, mjane, hana mtoto. Siku ya kwanza nikamwekea viazi vya kuponda na kabichi. Akanitazama. "Anza wewe," akasema. Nawapa kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kina milima na mabonde, nilikizoea taratibu.

"Nimeshakula, Mzee," nikamwambia.

Akaweka kijiko chini. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Chai anakunywa, biskuti anatafuna, chakula hagusi. Meneja wangu akaja kumpima, akatikisa kichwa, akaniambia mlangoni kwamba huyu akiendelea kupungua itabidi ahamishiwe nyumba ya wazee. Mzee alisikia. Akasema neno moja tu, "Nimehama vya kutosha," akageukia dirisha.

Sasa meneja akaongeza jambo. Eti waliokuja kabla yangu walikuwa wanampikia na anakula vizuri, anamaliza sahani. Kwa hiyo tatizo lilianza nilipoingia mimi. Ndugu zangu, hapo kitu kikanichoma. Kwa nini mimi? Nimemkosea nini? Nilipanda treni kurudi nyumbani najiuliza, nikashuka najiuliza. Lilikuwa swali la kwanza kunijia kichwani tangu mama afariki. Nikajiambia, kumbe bado upo.

Nikaanza uchunguzi, mnanijua. Sebuleni kwake kuna picha ya zamani. Askari wameketi chini, kila mmoja na sahani yake mapajani, na nyuma yao amesimama kijana mmoja wa Kizungu, mrefu, mikono mitupu. Nikaitoa ukutani, nikampelekea.

"Mzee, hawa wote wanakula. Sahani yako iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

Akanisimulia. Alihama Ireland akiwa kijana, akaenda nchi moja ya mbali kujenga madaraja. Msianze kubahatisha nchi, sitaitaja. Akaoa huko, akajifunza lugha yao kwa shida, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka akaingia jeshini upande wa wakwe zake. Wakampa ukapteni. Nikamuuliza, "Vita si vya kwenu, ulifuata nini?" Akanijibu, "Nyumba yangu ilikuwa huko."

Askari wake hawakumwamini. Mgeni anatoa amri, njaa imeingia, lazima watu waseme ana nyama hemani mwake. Basi akajiwekea desturi: anakula wa mwisho, mbele ya macho yao, kilichobaki. Kisipobaki, analala hivyo hivyo. Hivyo ndivyo walivyomkubali.

"Lakini nilikuwa nahesabu sahani," akasema. "Sikutazama midomo."

Kulikuwa na askari mmoja aliyeletewa habari kwamba mama yake ameuawa. Akawa anapokea chakula chake kama wengine, anampa mwenzake kimyakimya. Kapteni akimuuliza, anasema, "Nimeshakula, bwana mkubwa." Siku moja njiani akakaa chini, na hakuinuka tena.

Mzee akanishika mkono. "Tangu uje hapa sijakuona ukitafuna," akasema. "Wale wengine walikuwa wanakula vizuri tu, niliwaona kwa sura zao. Wewe unasema umeshakula. Yule naye alisema hivyo."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kilio cha msibani, kile cha kukaa chini. Nikamwambia habari za mama yangu, mtu wa kwanza London nzima kumwambia. Hakunipa pole. Alinisukumia sahani. Nikala viazi vyake vilivyopoa, kijiko kimoja, cha pili, na yeye kanikodolea macho mpaka nimeze. Kisha akachukua kijiko chake.

Meneja nilimweleza kila kitu, Mungu ambariki, akaruhusu niwe nakwenda na chakula changu tule pamoja. Siku niliyopeleka ugali na mlenda, mzee aliuliza kama ile mboga inavutika kwa makusudi. Lakini uzito ulirudi, wake na wangu. Yuko nyumbani kwake mpaka leo. Karatasi zangu zilipotoka nilikwenda Singida, nikakaa kaburini kwa mama, na niliporudi swali lake la kwanza lilikuwa nilikula nini huko.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wawili sote wageni hapa, sijui nani alimponya nani. Namshukuru yeye, namshukuru meneja, nawashukuru nyinyi mliokuwa mnanipigia simu hata nilipokuwa sipokei. Ombi langu ni moja. Mkimuuliza mtu kama amekula, msiridhike na jibu.

Na wewe uliyekaa kiti cha nyuma leo, sikutaji, sitakuuliza kitu. Mlango uko karibu nawe, najua, lakini masufuria yako karibu zaidi. Akina dada, pakueni. Mzee wangu anatazama midomo, pilau yake inapoa, na hataigusa mpaka akuone wewe umemeza.