Isdori na Bwawa la Kwao

Kijiwe chetu kiko Sumbawanga, nyuma ya mashine ya kusaga. Ni ubao mmoja juu ya matofali, unatosha watu watatu, tunakaa watano. Mimi ni fundi cherehani, nashona hapo hapo barazani, kwa hiyo uongo wa mji huu hunipitia mimi kwanza kabla haujafika sokoni. Asubuhi ile baridi ilikuwa inang'ata masikio na Yonas, muuza kahawa, hakutaka kubanduka kwenye birika lake. Raymond wa bodaboda, tunayemwita Waziri kwa kuwa hana jambo asilolitolea tamko, alikuwa ametuonyesha picha kwenye simu: bwawa la umwagiliaji la upande wa kijiji cha Kate, na juu yake maandishi, "Karibuni Watalii". Bwawa lile ni la kwao mzee Isdori, ambaye sisi humwita Zamu, maana ukimrukia foleni ya kahawa mtakosana wiki nzima. Tangu aishike simu ile, hakuirudisha.

— Mzee Zamu, chaji inaisha, Waziri alilalamika.

— Ngoja. Ikuze hapa, kwenye mfereji.

— Nimeikuza mara nne! Sikieni, washikaji, hili ni dili. Tunaweka boti. Juu ya tuta tunajenga hoteli. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana wakajenga bwawa.

— Wahenga hawakusema habari za bwawa, nilimwambia.

Masunga, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alicheka.

— Bwawa gani? Hilo ni lambo. Kwetu ng'ombe wanakunywa humo, na sijaona mtu akija na kamera.

— Ndipo mlipokosea! Mzungu atapanda ndege aje kumwona ng'ombe anakunywa.

— Wangu wana aibu.

— Basi kiboko. Tunamchukua mmoja Ziwa Rukwa, tunampandisha mlima kwa Fuso.

— Nani atamfunga kamba?

— Penye nia pana njia.

— Penye kiboko hapana njia, Yonas alisema. Mimi ningetangaza nguva. Anatokea siku za mnada tu.

— Nguva anataka maji ya chumvi, wewe!

— Si tunamwaga chumvi? Magunia kumi tu.

— Chumvi itaua vitunguu, alisema Isdori.

Hakucheka, na sisi tukaacha kucheka. Mfereji ule aliuchimba yeye na kaka yake, Clemens, kwa majembe ya mkono. Halafu mwaka mmoja wa ukame, Clemens akafungulia maji shamba lake siku ya zamu ya Isdori, na vitunguu vya Isdori vikakauka. Isdori akasimama mbele ya watu wote wa skimu ya umwagiliaji akasema, "Maji haya sitayatia mdomoni tena." Akabeba begi. Hiyo ni miaka kumi na miwili. Kila masika yakiisha anasema atakwenda, kisha haendi. Huwa naumia kumsikiliza, ndiyo maana huwa namkatiza kwa mzaha.

— Natamani, alisema. Ule udongo ukipata maji mara ya kwanza, harufu yake! Natamani mpaka nakosa usingizi.

— Si uende, mzee? Waziri alidakia. Utalii wa ndani huo.

— Mtu anakwenda kwao kutalii, Waziri?

Hapo akafika mama mmoja, daftari kubwa jipya kwapani, akaomba kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Watokea wapi?

— Kate. Naitwa Kristiana.

Akaiona simu mkononi mwa Isdori, akatabasamu.

— Eh, hapo ni kwetu! Mimi ndiye naandikisha wageni pale getini. Kitabu kimejaa, nimefuata kingine.

Waziri alitaka kumweleza habari za kiboko. Isdori alimzuia kwa mkono.

— Mama, hili shamba la kijani, karibu na mlango wa tatu wa maji. Nani analima?

— Mwenyewe alihama zamani. Analimwagilia kaka yake, mzee Clemens. Siku ya zamu ya mdogo wake hamruhusu mtu kuugusa mlango ule. Miguu imeshamkataa, lakini anakuja na fimbo, anakaa pale mpaka maji yafike jaruba la mwisho.

Isdori alikunywa kahawa iliyokwishapoa.

— Mama, nikija... pale getini inakuwaje?

— Mgeni tunamwandika kitabuni. Mwenyeji anapita tu. Wewe ni mgeni au mwenyeji?

Mimi nilikanyaga cherehani ambayo haikuwa na kitambaa.

— Muulize Clemens, Isdori alisema mwishowe. Atakavyosema yeye, andika hivyo hivyo.

Kristiana alimtazama vizuri usoni, na nadhani hapo ndipo alipomtambua. Aliweka kikombe chini taratibu.

— Baba, basi letu linaondoka saa nane. Si umuulize mwenyewe?

Isdori alimrudishia Waziri simu yake, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

— Sasa hivi saa ngapi?